"Nimekuta Kijiti Mkononi mwa Binti Yangu"

Ilikuwa Jumapili, ibada imekwisha, na akina mama tumeanza kukusanya vikombe vya chai. Mama mmoja akanivuta kando, nyuma ya jengo la kanisa. Tunafahamiana tangu utotoni, na tunaimba kwaya moja. Mikono yake ilikuwa inatetemeka.

"Dada yangu," aliniambia kwa sauti ya chini, "jana jioni nilikuwa namsuka mwanangu. Nilipomshika mkono nikapapasa kitu kigumu chini ya ngozi, kama njiti ya kiberiti. Nimemwuliza, kanyamaza. Wewe ni nesi, unakijua kitu kile. Naomba twende nyumbani sasa hivi ukakitoe."

Binti huyo alikuwa na miaka 17, yuko kidato cha tatu.

Miezi miwili kabla ya hapo alikuwa amenijia mama mwingine, mwenye ombi lililo kinyume kabisa. Huyo aliteremka mlimani na gari la alfajiri, amebeba mkungu wa ndizi, nyuma yake akifuata binti wa miaka 14. Hata salamu hazijaisha akasema, "Nesi, muwekee huyu kijiti. Amevunja ungo mwaka jana, na kijijini kwetu wasichana watatu wamekwisha kupata mimba. Muwekee tu, mimi mengine sitaki kuyasikia."

Mpenzi msomaji, mmoja alitaka kijiti kitolewe, mwingine alitaka kiwekwe. Lakini akina mama hawa wawili walikuwa na tatizo moja. Hakuna kati yao aliyekuwa ameketi na binti yake hata siku moja akazungumza naye habari za mwili wake.

Zamani mwali alikuwa na watu wake

Hapa kwetu Morogoro, na hasa katika milima ya Uluguru, mambo haya hayakuachwa yajiendee. Waluguru hufuata ukoo wa mama, na msichana aliyevunja ungo lilikuwa jambo la ukoo mzima. Aliwekwa ndani, akawa mwali, miezi kwa miezi. Bibi na kungwi ndio waliomfunza usafi, heshima, na mambo ya mume na mke. Mama mzazi mara nyingi hakusema neno, kwa kuwa kusema hakukuwa kazi yake.

Sitasema kwamba yote ya zamani yalikuwa mema. Wapo waliotoka ndani wakaingia moja kwa moja katika ndoa hali bado ni watoto. Lakini msichana alikuwa na mtu wa kumfunza. Leo binti yuko shuleni, na ni vizuri awe huko. Akiwekwa ndani, ni kwa siku chache za likizo. Wengine wanatoka vijiji vya mbali mlimani na kupangishiwa chumba karibu na shule, wanajipikia na kulala peke yao wakiwa na miaka 14 au 15. Bibi yuko mbali, kungwi hana nafasi, na mama anaona haya. Basi anayebaki kumfunza ni rafiki yake, simu, na yule kijana anayempa lifti ya pikipiki na chipsi jioni.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Katika kazi yangu nimeona kinyume chake: binti anayefichwa ndiye anayezaa, tena kabla ya wakati.

Hatari ni ya kweli

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya wasichana 100 wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 19, 22 walikuwa wamekwisha kupata mimba angalau mara moja. Katika utafiti wa mwaka 2015 na 2016 walikuwa 27. Tumepiga hatua, lakini bado ni zaidi ya mmoja katika kila watano. Ukihesabu mabinti wanaoketi katika viti vya mbele pale kwaya ya vijana inapoimba, utaelewa ninachosema.

Msichana ambaye mwili wake haujakomaa yumo katika hatari kubwa zaidi ya kifafa cha mimba na ya kuambukizwa baada ya kujifungua. Nyonga zikiwa bado nyembamba, uchungu unaweza kuchukua siku mbili au tatu, mtoto akafa, na mama akabaki na fistula, yaani mkojo au choo kutoka bila kujizuia. Wengine, kwa hofu ya kufukuzwa nyumbani, hujaribu kuitoa mimba kwa siri kwa mizizi au vijiti vya miti. Wengine wao hatuwaoni hospitali mpaka wamechelewa.

Halafu kuna shule. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu msichana aliyeacha masomo kwa sababu ya ujauzito arudi shuleni baada ya kujifungua. Akina mama, tusiache nafasi hiyo ipotee kwa sababu ya aibu. Lakini kurudi darasani ukiwa na mtoto anayenyonya nyumbani si jambo jepesi, kwa binti wala kwa bibi wa mtoto.

Njia za muda mrefu ni zipi?

Wengi wetu tulikutana na uzazi wa mpango kliniki, tulipopeleka watoto kupimwa uzito. Katika nchi yetu kazi hii ilianza mwaka 1959 kwa juhudi za chama kinachoitwa UMATI, na mwaka 1989 ikawa mpango wa kitaifa. Wakati huo tulizoea vidonge na sindano. Leo njia zinazokaa muda mrefu zimekuwa rahisi zaidi.

*Kipandikizi, au kijiti.* Ni kijiti laini chenye urefu wa kama sentimita nne, kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono kwa upande wa ndani, juu ya kiwiko. Binti anachomwa ganzi, na kazi inakwisha kwa dakika chache. Miaka ya 1990 vilikuwa vijiti sita. Sasa kuna aina ya vijiti viwili inayofanya kazi miaka mitano, na ya kijiti kimoja inayofanya kazi miaka mitatu. Kinatoa homoni kidogo kidogo inayozuia yai lisipevuke na kufanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito. Kikitolewa, uwezo wa kupata mimba hurudi mara.

*Kitanzi, ambacho wengine hukiita lupu.* Huwekwa ndani ya mfuko wa uzazi na mtaalamu. Cha madini ya shaba hakina homoni na kinaweza kukaa miaka 10 na zaidi. Hata mwanamke ambaye hajazaa anaweza kukitumia, ila kwanza achunguzwe kama hana magonjwa ya zinaa.

*Sindano.* Hii hudumu miezi mitatu tu, kwa hiyo binti akisahau tarehe kinga imekwisha. Tena baada ya kuiacha, mimba inaweza kuchelewa kwa miezi kadhaa.

Tuchukue wanawake 1,000 wanaofanya tendo la ndoa kwa mwaka mzima bila kinga yoyote: karibu 850 watapata mimba. Kama wanatumia kondomu peke yake, kwa jinsi watu wanavyoitumia kila siku, wapatao 130. Vidonge, kama 70, kwa sababu watu husahau. Sindano, kama 40. Kitanzi cha shaba, kama 8. Kijiti, kama mmoja. Tofauti hii inatokana zaidi na jambo moja: kijiti na kitanzi havimtegemei mtu akumbuke. Na kukumbuka, kama wewe ni mama wa binti wa miaka 16, unajua ni kitu adimu.

Shirika la Afya Duniani halisemi kwamba umri mdogo peke yake ni sababu ya kumnyima mtu njia hizi. Miongozo ya nchi yetu nayo inawataja vijana miongoni mwa wanaostahili kupata elimu na huduma, wawe wameoa au kuolewa ama la. Katika vituo vya Serikali huduma hii hutolewa bila malipo.

Maswali ninayoulizwa mara kwa mara

*Je, kijiti hakitamfanya mwanangu awe mgumba?* La hasha. Kikitoka, homoni inakwisha mwilini kwa siku chache. Kinachoharibu uzazi wa wasichana wengi ni magonjwa ya zinaa yasiyotibiwa na mimba zilizotolewa kwa njia za hatari.

*Je, hakitembei mpaka moyoni?* Kwa kawaida hukaa pale pale kilipowekwa, ndiyo maana yule mama alikipapasa. Ni nadra sana kusogea mbali. Kisipopapasika tena, binti arudi kituoni mapema.

*Mbona hedhi yake imevurugika?* Hili ni kweli, wala tusiwafiche. Wengine hutokwa damu kidogo kidogo, wengine hukaa miezi bila kuona siku zao. Mara nyingi si ugonjwa, lakini asiyeelezwa mapema huogopa. Damu ikiwa nyingi, au kichwa kikiuma kupita kawaida, arudi akaonwe.

*Je, dawa nyingine zinaweza kukiharibu?* Ndiyo. Baadhi ya dawa za kifafa, dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini, na dawa moja ya virusi vya UKIMWI iitwayo efavirenzi hupunguza nguvu ya kijiti. Binti aseme wazi dawa anazotumia.

Kijiti hakizuii UKIMWI

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kijiti, kitanzi na sindano vinazuia mimba tu. Havizuii virusi vya UKIMWI, wala kaswende, wala kisonono, wala kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi. Asiye katika ndoa akiacha kabisa tendo hilo, amejikinga na vyote. Lakini ambaye ameshaanza anahitaji kinga mbili: moja ya mimba, na kondomu kwa ajili ya magonjwa.

Na kondomu ina masharti yake. Itazamwe tarehe. Isikae miezi ndani ya pochi au mfuko wa suruali, maana joto huiharibu. Isipakwe mafuta ya nazi wala mafuta ya mgando, kwa kuwa mpira huchanika. Zisivaliwe mbili kwa pamoja. Kila mara itumike mpya, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Ikitokea imepasuka, au binti amelazimishwa, saa ni mali. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba navyo ni bora ndani ya siku tatu. Tangu mwaka 2019 sheria inamruhusu kijana wa miaka 15 kupima virusi vya UKIMWI kwa ridhaa yake mwenyewe. Na usisahau chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi: ilianza nchi nzima mwaka 2018, na tangu 2024 dozi moja hutolewa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14.

Yule binti wa miaka 14

Nilimwomba mama yake atupishe kidogo. Tulipobaki wawili nilimwuliza, "Mwanangu, kuna mtu anayekusumbua?" Alitazama sakafu muda mrefu. Kisha machozi yakaanza.

Alikuwa ni mtu mzima, mwenye pikipiki, aliyemchukua kwenda shule. Mwanzo lifti, baadaye vihela, baadaye vitisho. Mama yake alikuwa akimshukuru mtu huyo kila asubuhi kwa wema wake.

Hebu fikiri, mpenzi msomaji. Kama ningemwekea kijiti kimya kimya kama nilivyoombwa, tungekuwa tumefunga mlango na mwizi yumo ndani. Mimba isingeonekana, na kwa sababu isingeonekana, mtu yule angeendelea. Kwa sheria ya mwaka 1998, mwanamume anayelala na msichana wa chini ya miaka 18 asiye mke wake amebaka, hata kama msichana anasema alikubali.

Tulimwita mama ndani. Alipiga kelele moja tu, halafu akamkumbatia mwanawe. Tulikwenda pamoja hospitali, kisha polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Kama huko uliko ni mbali, namba 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bure. Saa 72 zilikuwa zimepita zamani, kwa hiyo tulichoweza ni kupima na kusubiri. Kipimo cha kwanza kilikuwa salama, na cha miezi mitatu baadaye kikawa salama pia. Habari ya kijiti tuliizungumza baadaye, watu watatu, na binti akiwa na sauti yake.

Kwa hiyo, mama, ukimpeleka mwanao kutafuta kinga, kwanza uliza: kinga dhidi ya nini, na dhidi ya nani?

Je, huku si kuwafungulia mlango wa dhambi?

Swali hili naulizwa kanisani kila mara, nami silichukulii kwa wepesi. Naamini, kama ninyi, kwamba mahali pa tendo hili ni ndoa. Hayo ndiyo ninayowafundisha vijana wetu. Najua pia kwamba wasomaji wetu Wakatoliki wanafundishwa na Kanisa lao kutumia njia za asili peke yake, na mashauri ya padre wao wayasikilize.

Lakini kujua si kutenda. UNESCO ilikusanya tafiti za nchi nyingi kwa ajili ya miongozo yake ya mwaka 2009 na 2018, na zilionyesha kwamba kumfundisha kijana habari za mwili na uzazi hakumfanyi aanze mapema. Binti anayejua ni rahisi zaidi kwake kusema hapana, kwa sababu anajua anachokikataa. Na yule aliyekwisha kuanguka bado ni mtoto wako. Hatumwachi afe ili awe fundisho kwa wenzake.

Namna ya kuanza mazungumzo

Usingoje siku ya hasira. Anza kabla hajavunja ungo, kidogo kidogo, wakati mikono ina kazi: mnapochambua mchicha, mnapofua, mnapokwenda shamba. Mtoto husema kwa urahisi zaidi asipotazamwa usoni.

Uliza kuliko kuhubiri. "Wenzako shuleni wanasemaje juu ya jambo hili?" Utasikia mengi. Ukiulizwa usilolijua, sema, "Tutamwuliza nesi." Na kama haya yamekushinda kabisa, mtafute shangazi, mama mdogo au mama mwenye busara pale kanisani, umkabidhi kwa maneno wazi, kama zamani alivyokabidhiwa kungwi.

Wala usimsahau mvulana. Tunawafunga mabinti kamba, na wana tunawaachia njia. Mfundishe kwamba "hapana" ya msichana ni neno lililokamilika. Mwambie pia kwamba tangu mwaka 2016 anayempa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari anaweza kufungwa miaka 30.

Jioni ile ya Jumapili

Sasa nirudi kwa mwenzangu wa kwaya. Nilikwenda naye nyumbani, lakini nilimwambia njiani kwamba sitagusa mkono wa binti asiyeniomba mwenyewe. Tukaketi sebuleni watatu. Mama alisema mengi kwa ukali: nani alimpa ruhusa, na atauweka wapi uso wake. Binti alinyamaza mpaka mama alipochoka.

Kisha akasema, "Mama, bibi aliniambia. Sikutaka yanipate yaliyokupata."

Nyumba ilinyamaza. Mimi na mama yule tulisoma darasa moja. Mwaka 1994 tulikuwa kidato cha pili. Asubuhi moja wasichana tulipangwa mstari tukapimwa, na mchana dawati lake likawa tupu. Mimi niliendelea hadi chuo cha uuguzi. Yeye alirudi nyumbani akalea. Katika miaka yote ile ya kuimba pamoja hatukuwahi kulitaja jambo lile. Yeye hakuwahi kumwambia binti yake, na binti alikuwa ameubeba ujumbe ule peke yake mpaka kwenye zahanati.

Mama alilia. Binti naye alilia. Nilipoona wametulia nikamwuliza binti kama wanatumia kondomu na rafiki yake. Akanitazama kwa mshangao. "Sista, si nina kijiti?"

Basi tulikuwa na kazi ya kufanya. Kesho yake mama mwenyewe ndiye aliyemsindikiza kwenda kupima. Walikaa benchi moja, wakisubiri namba yao. Binti aliamua kuachana na rafiki yule mpaka amalize shule. Kijiti alibaki nacho. Mama hakufurahi, wala hajasema kwamba amefurahi. Lakini ameniambia kwamba siku hizi, akimsuka mwanawe, wanazungumza mpaka taa inazimwa.